Shajara ya Ukuta wa Mwaloni

Wiki ya kwanza

Tumepima ukuta alfajiri, kabla mitumbwi ya dagaa haijarudi. Urefu mita 18, kwenda juu mita mbili na nusu. Ni ukuta wa ghala la dagaa mwaloni, yaani ufukweni wanakotua wavuvi, upande wa Igombe, Mwanza, umeelekea ziwani moja kwa moja. Lipu ya saruji imebanduka kuanzia chini kwa unyevu, na juu kumejaa mabaki ya matangazo ya uchaguzi na ya waganga. Viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, wameturuhusu kwa maandishi, na mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri.

Tuko kumi na mmoja: vijana saba wanaoishi kwa kuandika majina na misemo kwenye mitumbwi, akina mama watatu wa kikundi cha kusuka, na mimi ninayeshika daftari na fedha. Kazi tuliyojipa ni kuchora ukutani kazi za mikono za mwambao huu: chungu, mgono wa kunasia samaki, jamvi la mafunjo, koroboi, mtumbwi. Tumejiwekea wiki sita. Tukivuka Septemba, mvua za vuli zitatukuta na lipu mbichi.

Wenzangu wawili walitaka twende mjini ambako watu wengi wangeuona ukuta. Nimekataa, na naandika sababu hapa nisije nikaisahau. Mjini wana Jiwe la Bismarck, ambalo limo kwenye kila kalenda ya Mwanza. Wana sanamu yao ya samaki kwenye kipilefti. Huku kwetu ndiko vitu vinakotengenezwa, vinauzwa, vinavunjika, na watoto wanakua bila kujua vinaitwaje. Mtoto wa darasa la nne niliyemwonyesha mgono Jumanne aliniambia ni tenga la kuku. Ukuta huu ni wa huyo mtoto kwanza.

Michoro ya karatasi iko tayari. Vijana wameitoa kwenye picha za simu. Inapendeza.

Wiki ya pili

Michoro yote imefutwa. Naandika ilivyokuwa.

Tuliibandika ubavuni mwa mtumbwi unaotengenezwa ili wapita njia watoe maoni. Akaja mzee mmoja aliyesuka migono tangu ujanani hadi nyavu za dukani zilipoenea. Tukamwamkia, akaitikia, akasimama mbele ya mchoro wa mgono muda mrefu bila neno. Kisha akauliza, "Wajukuu zangu, koo lake liko wapi?"

Hakuna aliyejua anazungumzia nini.

Akaokota vijiti vya matete, akakaa mchangani, akatuonyesha. Mgono si tenga refu tu. Ndani ya mdomo wake kuna koo: vijiti vilivyochongoka, vimefungwa duara linaloanza pana kama mdomo wa tarumbeta na kwenda likipungua, ncha zikielekea ndani. Samaki anapenya kwa sababu vijiti vinafunguka vikisukumwa kutoka nje. Akigeuka atoke, ncha zinamkabili. Akili yote ya chombo iko hapo. "Huu mliochora," akasema, "samaki anaingia, anapumzika, anaondoka." Hakuwa anatucheka. Alisikitika, nilimwona.

Jioni tukaitazama michoro mingine kwa jicho jipya. Chungu chetu kilikuwa na mkono kama wa jagi la plastiki. Jamvi la mafunjo tulilichora kama mkeka wa ukindu wa pwani ya bahari, chane zikipishana, wakati la huku mashina ya mafunjo hulazwa sambamba na kushonwa kwa kamba. Makosa yote yalitoka mahali pamoja: tulichora sura ya kitu bila kuijua kazi yake.

Tumeweka kanuni moja, imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala: HATUCHORI TUSICHOKISHIKA. Anayetaka kuchora chungu afinyange kwanza. Anayetaka mgono asuke koo lake. Kwa kanuni hiyo wiki sita hazitatosha, najua, na bado nimeipigia kura.

Wiki ya tatu na ya nne

Bibi anayefinyanga anakaa mlimani, kwenye nyumba zilizopandana katikati ya mawe makubwa kama ilivyo milima yote ya Mwanza. Alikubali kutufundisha kwa masharti mawili: tuje sita tu, na tuje kila siku, si siku tunazozitaka sisi. Jumatatu tulimsalimia kwa Kiswahili. Akanyamaza. Msusi mmoja akasema kwa Kisukuma "ng'wangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, na hapo tu ndipo tukapewa vigoda.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuchimba. Tulishuka bondeni nyuma ya mlima, kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka. Zamani Bibi alichimba karibu na maji, ambako anasema udongo ni laini kuliko huu, lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni kuwa za hifadhi, na yeye hataki ugomvi na mtu. Kwa hiyo anatembea. Tulibeba viroba vinne kupanda mlima, na nilielewa kwa nini chungu chake kimoja hakiwezi kuuzwa kwa bei ya sufuria ya bati.

Udongo mtupu hauendi motoni. Unachanganywa na vigae, yaani vyungu vilivyovunjika vikatwangwa hadi vikawa chenga. Kigae kimekwisha kupita motoni mara moja, hakishtuki tena. Kinauachia udongo mbichi njia ya kutolea maji bila kupasuka. Ina maana ndani ya kila chungu cha Bibi kuna chungu cha zamani, pengine cha mama yake mzazi. Nilimuuliza kama hilo huwa analifikiria. Akasema anachofikiria ni kama chenga zimekuwa kubwa mno.

Hakuna gurudumu. Donge la chini linatobolewa kwa ngumi, kisha kamba za udongo zinapandishwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa kwa kidole gumba kutokea ndani. Kipande cha kibuyu kinakwangua nje. Jiwe laini la ziwani linasugua. Halafu ukaja urembo, na sote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Bibi ana kigwe cha nyasi zilizosokotwa, kifupi kama kidole. Anakiviringisha kwa kiganja kuzunguka shingo ya chungu kabla udongo haujakauka, na nyuma yake unabaki mshipi wa alama ndogondogo zilizopangana kama punje kwenye suke la uwele. Hana kalamu, hana kisu. Kigwe kinatembea tu na chungu kinavaa.

Tulipokuwa tunasubiri vyungu vikauke kivulini niliwasimulia vijana habari za Urewe. Ni kijiji upande wa Kenya, na kwa jina lake wanaakiolojia wameviita vyungu vyenye kibonyeo kitakoni ambavyo watu wa kuzunguka ziwa hili walivifinyanga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, zama zilezile chuma kilipokuwa kinayeyushwa kule Kagera. Urembo wa kuviringisha kigwe ulikuja karne nyingi baadaye, ukaenea ukanda wote wa Maziwa Makuu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza hao wa Urewe walichanganya udongo na nini.

Tulichoma alfajiri, upepo ukiwa umelala. Vyungu vinapashwa kwanza pembeni mwa moto, taratibu, vikigeuzwageuzwa. Ndipo vinapangwa juu ya kuni na kufunikwa kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyasi. Tulikuwa na kumi na vinne. Kijana wetu mmoja alikuwa na haraka, akarundika nyasi kabla ya wakati. Tukasikia mlio, kisha mwingine. Sita vilipasuka, viwili kati ya hivyo vya Bibi mwenyewe, vya kuuza. Hakugomba. Moto ulipopoa aliokota vipande vyote akavitia guniani, akasema ni vigae vya mwakani.

Tumemlipa vile viwili. Kijana hakusema neno njia nzima ya kurudi. Usiku akanitumia ujumbe kwamba chungu hawezi tena kukichora kwa dakika kumi, na anaomba aachiwe yeye.

Wiki ya tano

Mzee wa migono anafundisha kila jioni. Makoo matatu yamekamilika, la nne lina kasoro.

Jumamosi tulikwenda Bujora. Daladala hadi Kisesa, kisha kwa miguu. Makumbusho ya Wasukuma ni kazi aliyoianzisha Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi huko tangu miaka ya 1950, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Wengi wetu tuliwahi kupelekwa na shule tukapita mbio. Safari hii tulisimama. Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Hakuna aliyechora kigoda ukutani. Unaingia chini yake. Nililitazama nikaona tulikuwa bado tunafikiria kidogo mno.

Bulabo, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ilishapita. Hufanyika Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, chama cha ngoma cha Bagika upande huu na cha Bagalu upande ule, na ushindi ni wa anayevuta watazamaji wengi. Mmoja wetu alishacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, huko, akatuonyesha palepale kwenye nyasi jinsi jembe linavyorushwa na kudakwa. Mlinzi wa makumbusho alimsahihisha mkono.

Jambo jingine lililojitokeza huko ni michoro ya wacheza nyoka. Miaka ya 1950 Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni aliyeishi Mwanza, alinakili na kuchapisha michoro iliyokuwa ndani ya nyumba walimofundwa waganga wa nyoka wa Usukuma. Vijana walitaka tuiweke ukutani, na kwa macho ya mchoraji sikuweza kuwalaumu. Tulimuuliza mzee mmoja anayeijua mila hiyo. Akajibu kwamba picha zile zilichorwa ndani kwa sababu zilikuwa za ndani. Aliyeingia alifundishwa, asiyeingia hakuziona. Tumeziacha. Kuchapishwa na mgeni hakukuzifanya ziwe za barabarani.

Kwenye daladala ya kurudi, mama msusi aliyekaa kiti cha mbele akageuka ghafla. "Kigwe cha Bibi kinaviringika kwenye udongo mbichi. Lipu mbichi ina tofauti gani?"

Usiku ule sikulala.

Wiki ya sita

Hii ndiyo wiki tuliyopaswa kumaliza. Ukuta bado mtupu.

Na fedha zimetugawa. Nilipopanga bajeti niliandika posho ya wachoraji kwa siku, na kwa Bibi, kwa mzee na kwa fundi mtumbwi nikaandika "shukrani": sukari, kitenge, nauli. Mama wa kikundi cha kusuka akaiona karatasi. Akanivuta pembeni kwa heshima na kuniambia maneno niliyoyaandika papo hapo: "Mwanangu, anayechora chungu analipwa, anayekifinyanga anapewa sukari. Chungu ni cha nani?"

Nilikosea, na si kosa la hesabu. Nilikuwa nimekubali moyoni kwamba sanaa inaanza pale brashi inapochovya rangi, na yote yaliyotangulia ni malighafi. Tumeitisha kikao. Kuanzia wiki hii kila anayefanya kazi, awe ameshika kigwe, brashi au mwiko wa lipu, analipwa shilingi 25,000 kwa siku, na siku za kufundisha zilizopita zinalipwa pia. Vijana wawili walinuna kwa kuwa posho yao imeshuka. Mmoja ametuaga.

Tumebakiwa na fedha ndogo. Kampuni moja ya rangi ilijitolea kutupa kila kitu, sharti nembo yake ikae katikati ya ukuta, mita mbili kwa mbili. Tumekataa kwa kura tisa kwa moja. Kwa hiyo rangi tunatengeneza wenyewe.

Wiki ya saba

Rangi tatu: nyeupe, nyekundu, nyeusi.

Nyeupe haina shida, ni chokaa. Mifuko tuliyoinunua imelowekwa kwenye pipa tangu wiki iliyopita, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama mtindi.

Nyekundu Bibi ndiye aliyetupa. Udongo wa njano wa korongoni, ambao sisi tungeupita, ukikaangwa kwenye bati unageuka mwekundu mbele ya macho yako. Ukikaangwa kidogo unakuwa rangi ya chungwa, ukizidi unaiva kama damu ya mzee. Tumepata ndoo sita, kila moja imeandikwa ilikochimbwa.

Nyeusi imetupeleka mjini, Makoroboi. Jina la eneo lile watu wanalitaja kila siku bila kulisikia: limetokana na mafundi wa bati waliokuwa wanatengeneza koroboi kwa makopo yaliyotupwa. Tumemleta fundi mmoja mzee mwaloni. Alikata kopo la maziwa kwa mkasi, akakunja pindo mbili zikashikana, akaunga kwa risasi, akatoboa mfuniko na kupitisha utambi wa pamba. Dakika zisizofika ishirini. Alishangaa kuitwa. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba koroboi ni mambo ya jadi.

Nina hakika. Kopo limetoka kiwandani na mafuta yametoka mbali, lakini aliyeangalia takataka akaona taa ni mtu wa hapa, na vizazi vya wanafunzi wa mwambao huu vimesoma kwa mwanga wake. Kama jadi ni vile tu vilivyokuwepo kabla ya meli ya kwanza, tutakuwa tumewafuta babu zetu waliokuwa na akili ya kutumia walichokipata. Vilevile karabai: zilinunuliwa dukani, lakini taa hizo zikiwa majini usiku usio na mwezi, dagaa wakizizunguka, zilikuwa mji wa pili wa Mwanza. Leo nyingi zimekuwa taa za sola.

Basi nyeusi yetu ni masizi ya koroboi kumi na mbili zilizowashwa chini ya bati kwa siku tatu. Yalikataa kuchanganyika, yakaelea juu ya maji kama vumbi. Fundi akadondosha sabuni kidogo, yakazama.

Wiki ya nane

Kikao kirefu kuliko vyote, kuhusu samaki gani akae katikati.

Vijana walisema sangara. Ndiye aliyejenga viwanda, ndiye aliyeipa Mwanza jina duniani. Mzee wa migono akatikisa kichwa. Sangara ni mgeni, akasema. Aliletwa ziwani wakati wa wakoloni, miaka ya 1950, na huku kwetu alijaa miaka ya 1980, akala furu, samaki wadogo wa ziwa hili, hadi aina zao nyingi sana zikatoweka. Mgono haukusukwa kwa ajili yake. Ulisukwa kwa ajili ya ningu wanaopanda mitoni mvua zikinyesha, kwa kambare, kwa kamongo. "Mkimweka sangara katikati mtakuwa mmemchora aliyekula wenyeji."

Ilionekana imekwisha. Kisha mama msusi akanyoosha mkono. Gugumaji nalo ni geni, akasema, limeingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, limeziba mialo, limeleta mbu. Lakini mabua yake yakikaushwa yanasukwa, na kwa vikapu vya gugumaji yeye amelipa ada za watoto watatu. Mafunjo ya mama yake siku hizi kuyapata ni shida. Je, na yeye asichorwe?

Hakuna aliyejibu haraka. Mwishoni tukaafikiana hivi: katikati ni ningu na mgono. Upande wa kulia, mwisho kabisa, ndipo wageni wanaingia: sangara, gugumaji, kopo la fundi. Wamo, na mlango walioingilia unaonekana. Naona ndio uamuzi bora tuliofanya tangu tuanze.

Kijana mmoja alipendekeza meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea hapa. Fundi mtumbwi, ambaye mwaka huo alikuwa kijana, alisema kwa sauti ya chini kwamba Igoma kuna mnara na makaburi, na anayetaka kukumbuka aende akakae na wale waliolala pale. Hatukupiga kura. Mtumbwi wa ukutani atauongoza yeye, na ameomba ubaki bila jina ubavuni. Vijana ambao kazi yao ya kila siku ni kuandika majina kwenye mitumbwi walikubali bila kuuliza.

Wiki ya tisa na ya kumi

Ukuta.

Lipu ya zamani imekwanguliwa yote hadi kwenye tofali. Mpya ni ya chokaa na mchanga, bila saruji. Rangi ya udongo ikipakwa kwenye lipu ya chokaa ikiwa mbichi haikai juu kama ngozi, inanyonywa. Chokaa inapokauka inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, rangi ikiwa imefungwa ndani. Lakini una siku moja. Kilichopigwa lipu asubuhi kichorwe kabla ya jua kuzama, na ukikosea unakwangua na kuanza upya. Tuliugawa ukuta vipande tisa vya mita mbili.

Siku ya kwanza tulikwangua. Siku ya pili pia, maana upepo wa mchana kutoka ziwani ulikausha lipu upande mmoja. Tangu siku ya tatu tukaning'iniza turubai zilizoloweshwa, na kazi ikaenda. Kijana wa vyungu alichukua siku nzima kwa chungu kimoja. Kila kamba ya udongo ipo, unaihesabu kwa macho chini ya mkwanguo. Koo la mgono amelichora yule aliyelisuka vibaya mara nne. Jamvi limechorwa na wasusi wenyewe, ambao hawajawahi kushika brashi. Mistari yao imepinda kidogo na nimekataza mtu yeyote asiinyooshe.

Na kila asubuhi, kabla ya brashi, Bibi alikuja. Alijisokotea kigwe kipya kwa katani, kinene, urefu kama mkono kutoka kiganja hadi kiwikoni. Alikataa kabisa sura yake kuchorwa. Tulimwomba mara mbili, tukaacha. Badala yake alipiga magoti kwenye gunia, akaweka kigwe kwenye lipu mbichi nusu mita kutoka chini, akakisukuma kwa viganja viwili, polepole, mita mbili. Akapumzika. Kesho yake akaanzia alipoishia. Kwa siku tisa za kazi nzima ameuvisha ukuta mshipi wa mita 18, uleule wa shingoni mwa vyungu vyake, na ukipita jioni jua likiwa chini, kivuli kinaingia kwenye kila punje.

Siku ya tano wavuvi waliokuwa wanapakua walisimama kumtazama. Mmoja akamwita mwenzake: "Njoo uone, mayu anaupigia ukuta nakshi ya chungu." Hatukuwa tumemweleza mtu. Aliutambua mwenyewe.

Wiki ya kumi na moja

Mvua ya kwanza imenyesha Jumatano usiku, mapema kuliko tulivyoomba. Nilikwenda na tochi. Ukuta ulikuwa umeloa, rangi hazikutiririka. Kona ya chini kushoto, pale palipokuwa na unyevu tangu mwanzo, lipu imetoa kipande kama sahani. Fundi wa lipu amesema tuchimbe mfereji nyuma kwanza, ndipo tuzibe. Ni haki yake kusema hivyo. Alishatuambia wiki ya tisa.

Majina yote kumi na sita yameandikwa kona ya kulia kwa masizi, kwa mpangilio wa umri, bila kutenganisha wachoraji na mafundi. Yule aliyetuaga yumo. Wenyewe wameomba majina yaishie ukutani, ndiyo maana hayamo humu.

Oda zilizokuja hadi leo: vyungu vitano kwa Bibi, migono miwili kwa mzee kutoka kwa mwalimu anayetaka kufundishia, koroboi moja. Mafunjo hatujayapatia jibu. Wasusi wanataka tujaribu kuyaotesha kwenye bwawa la jirani kabla mvua hazijashika, na hilo litakuwa daftari jingine.

Zimebaki ndoo mbili za udongo mwekundu, zipo chini ya kitanda changu. Vigae vya vile vyungu sita Bibi amekwisha kuvitwanga. Jana nilimpelekea kigwe chake cha katani, nimekiosha na kukifunga kwenye gazeti. Akakigeuza mkononi, akanirudishia. Kimechakaa, akasema, na nyuzi ninazo, nikasokote changu. Nimeanza jana usiku. Viwili vya kwanza vimefumuka.